Ndege wa Kuhadaa na Hatari Yake Katika Mashamba ya Mpunga



Msimu uliopita wa mpunga vijana wa kikundi kimoja cha Chara walitujia ofisini na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Vikundi vingi hutuletea ombi la mbegu, nyavu au pampu ya maji. Hawa walikuwa na jambo jipya. Walitaka mkopo mdogo wa kununua kamba na waya, pamoja na pesa ya kukodi mtumbwi, ili wawanase bata mwitu na korongo katika mashamba yaliyofurika, kisha nyama waiuze Garsen. Na njia walikuwa nayo. Mmoja wao alifanya kibarua huko magharibi ya Kenya, akaona jinsi watu wanavyomfunga ndege mmoja hai katikati ya shamba, na wenzake wakashuka wenyewe.

"Hakuna kukimbizana," alituambia. "Ndege anamwita ndege."

Tuliwaomba warudi baada ya wiki mbili. Kusema kweli, hatukuwa na jibu siku ile. Katika mafunzo yetu ya kazi za jamii tulifundishwa habari za vyoo, chanjo na mikopo, lakini korongo hakuwemo. Basi tukauliza, tukasoma, tukawaendea wazee. Haya hapa ndiyo tuliyoyapata, na tumeonelea tuyaandike kwa sababu tumesikia kwamba kikundi hicho si peke yake chenye wazo hili.

KINYUME CHA SANAMU YA SHAMBANI

Kila mkulima wa mpunga hapa kwetu anajua kazi ya kuamia ndege. Unajenga dungu, unakaa juu na kombeo lako tangu alfajiri, na sauti inakukauka kabla ya saa nne. Aliyechoka husimamisha sanamu: mti, shati kuukuu, na kofia juu. Sanamu ile humwambia ndege, hapa pana mtu, pita.

Ndege wa kuhadaa ni kinyume chake. Yeye humwambia ndege mwenzake, hapa tupo, tunakula, hakuna hatari, shuka. Anaweza kuwa wa bandia, wa mti au kitambaa au plastiki, na anaweza kuwa ndege hai aliyefungwa mguu.

Kwa nini ndege wanaamini? Ndege wa majini wanaotembea kwa makundi hutafuta chakula wakiwa juu. Kutoka kule juu maji ni maji tu. Hawezi kujua ni upande upi una konokono na upi una mamba. Njia fupi ni kutazama wenzake. Akiwaona wametulia, shingo zimeinama, anajua hapo pana kitu. Akiwaona wamesimamisha shingo wote pamoja, anajua wameshtuka, naye anapita. Hata sisi tunafanya hivyo hivyo. Ukifika mji usioujua na njaa inakuuma, unaingia hoteli iliyojaa watu, na ile tupu unaipita.

Ujanja huu ni wa zamani sana. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada huko Marekani, walichimbuliwa bata wa bandia waliosukwa kwa matete, wengine wakiwa bado na manyoya ya ndege. Umri wao unakadiriwa kuwa kama miaka 2,000. Watu wa mahali pale waliishi kando ya maji yenye matete, kama sisi, na walijua jambo ambalo kijana wetu aliliona.

WAWINDAJI WA MAREKANI WANAVYOPANGA

Siku hizi wanaojulikana zaidi kwa kazi hii ni wawindaji wa Marekani wanaomfuata bata bukini mweupe wa theluji. Huyu ni ndege mkubwa, mweupe wote isipokuwa ncha za mbawa zilizo nyeusi. Hutaga mayai kaskazini kabisa mwa Kanada, na majira ya baridi husafiri maelfu ya kilomita mpaka mashamba ya kusini, mengine yakiwa ya mpunga, kama vile ya Texas, Louisiana na Arkansas. Husafiri kwa makundi ya maelfu, na katika kila kundi wamo wazee walioponea chupuchupu mara nyingi. Bata bukini hawa wanaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kwa hivyo si rahisi kuwadanganya, na mpango wenyewe una mambo yake.

La kwanza ni wingi. Ndege anayezoea kundi la maelfu hashuki kwa ndege kumi. Mwindaji hupanga mia kadhaa za bandia, na wengine hupita elfu moja. Kule Texas wazee wa zamani hawakuwa na pesa za kununua sanamu, basi walitandaza magazeti, nepi na vitambaa vyeupe juu ya mabua ya mpunga. Kutoka juu, kitambaa cheupe ni ndege mweupe.

La pili ni upepo. Ndege mzito hutua akiukabili upepo, ndipo aweze kupunguza mwendo. Kwa hivyo mwindaji hatawanyi sanamu ovyo. Huzipanga mfano wa kiatu cha farasi, mdomo wake ukielekea kule upepo unakokwenda, na katikati anaacha uwazi. Ndege wakija wanaona nafasi ya kutua pale pale panapowafaa, na mwindaji amelala chini karibu na uwazi ule, amejifunika mabua.

Halafu kuna mwendo. Sanamu isiyotikisika inatia shaka, maana ndege wa kweli hawatulii. Ndiyo sababu wengi hutumia mifuko ya kitambaa inayojaa upepo na kuyumba juu ya kijiti. Nyingi huwekwa mfano wa ndege anayekula, shingo chini. Ukiziweka shingo juu nyingi mno umewaambia kwamba kuna hatari. Na kuna mlio pia, wa filimbi ya mdomo, au wa mashine inayopiga kelele za kundi zima.

Tuliwaeleza vijana yote haya, nao walisikiliza kwa makini kuliko siku tuliyofundisha kuandika hesabu za kikundi.

Lakini kuna sehemu ya pili ya habari hii. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilipiga marufuku mambo mawili katika uwindaji wa ndege wa majini: kutumia ndege hai wa kuhadaa, na kuwinda mahali palipomwagwa chakula cha kuwavutia. Ndege walikuwa wamepungua mno katika miaka ile ya ukame, na ilionekana kwamba njia hizi mbili zinaua wengi kupita kiasi. Baadaye bata bukini mweupe akaongezeka sana, kwa sababu ya nafaka zinazobaki mashambani baada ya mavuno, mpaka akaanza kumaliza majani ya nchi ya barafu anakozalia. Mwaka 1999 sheria ikalegezwa kwa ajili yake yeye. Wawindaji wakaruhusiwa mashine za milio na bunduki zinazochukua risasi zaidi. Ndege hai na chakula cha kumwaga bado vikakataliwa.

Tuliwaambia vijana, angalieni hapo. Hata kwa ndege aliyezidi kiasi, wenye bunduki zao na mali zao wamekatazwa vitu viwili. Na ninyi mmetuletea hivyo hivyo viwili kwenye karatasi.

YALIYOTOKEA BUNYALA

Hapo tukamwuliza yule aliyefanya kibarua: "Ndege wakishashuka, huwa mnawakamata vipi?" Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kuna dawa."

Dawa yenyewe tuliijua jina. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kwenye mto Nzoia, mtaalamu wa ndege Martin Odino alianza mwaka 2009 kuandika na kupiga picha mambo aliyoyaona. Wawindaji walimfunga korongo mdomo-wazi kwenye maji ya shamba awe wa kuhadaa. Karibu naye waliweka konokono waliotiwa Furadan, sumu ya wadudu ambayo jina lake la kitaalamu ni kabofurani. Korongo wa juu walimwona mwenzao, wakashuka, wakala, wakalegea pale pale. Wawindaji waliwaokota, wakatoa utumbo, wakaosha, na nyama ikaenda sokoni. Ndege wengine nao waliwekewa mpunga wenye sumu.

Furadan ilitengenezwa na kampuni ya FMC ya Marekani kwa ajili ya wadudu wa udongoni. Mwaka ule ule wa 2009, baada ya kelele nyingi kuhusu simba waliouawa kwa sumu hiyo hapa Kenya, kampuni ilitangaza kwamba inaiondoa katika maduka ya nchi yetu. Lakini sumu za jamaa moja na hiyo ni nyingi, zina majina mengi, na nyingine huuzwa zimepimwa katika karatasi bila jina lolote.

Watu hujifariji kwamba ukitoa utumbo umetoa sumu. Wapi! Ndege hakulegea kwa sababu ya kilichobaki tumboni. Amelegea kwa sababu sumu imekwisha ingia damuni, na damu hufika kila mahali kwenye nyama. Msitegemee maji wala moto kuiondoa.

Sumu hii hukamata mishipa ya fahamu, ile inayoamrisha misuli, ikaifanya isiweze kupumzika. Mtu aliyeipata hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, tumbo hukata, hutapika, misuli hutetemeka, na kupumua huwa kwa shida. Mtoto huzidiwa upesi kuliko mtu mzima. Mkiona dalili hizi msimpe maziwa wala mafuta, na msimlazimishe kutapika. Ikiwa dawa imemgusa mwilini mvueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni, nanyi mjikinge mikono. Mkimbizeni hospitali ya Ngao au kituo cha Garsen, na mkopo au karatasi ya dawa mwende nayo, daktari aione. Wakati wa mafuriko, kama yale ya mwisho wa 2023, safari hiyo si ya dakika kumi. Kila mtu wa Chara analijua hilo.

NG'OMBE MMOJA

Kuna jambo ambalo wa Bunyala hawakuwa nalo kwa namna tuliyo nayo sisi, na ndilo lililotunyima usingizi.

Maji ya shamba la mpunga hayakai shambani. Yanashuka, yanaingia mfereji, yanafika malka ambako ng'ombe hunywa. Wakati wa kiangazi mifugo ya Waorma huja deltani kutafuta majani na maji, na mashamba ya Wapokomo yako hapo hapo. Sasa fikirini kijana ameweka konokono wenye sumu usiku, asubuhi ng'ombe wawili wamelala chini povu mdomoni. Nani atakubali kwamba sumu ile ilikuwa ya korongo? Nani atasikiliza habari ya ndege aliyefungwa mguu?

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta hii, wanawake na watoto wakiwemo. Mambo mengi yalichangia, yakiwemo ardhi na siasa, hatutaki kuyarahisisha. Lakini wengi wetu tunakumbuka kwamba kabla ya moto ule maneno yalikuwa ni ya ng'ombe walioingia shambani na ng'ombe waliojeruhiwa. Mzee mmoja, tulipomweleza mpango wa vijana, hakuuliza juu ya ndege hata kidogo. Alisema, "Wanangu, nani atakwenda kuwaambia wenye ng'ombe?" Kisha akaondoka kwenda zake.

KORONGO HALI MPUNGA

Vijana walikuwa na hoja yao, na haifai kuificha. Walisema ndege wanamaliza mpunga, kwa hivyo kuwapunguza ni faida mara mbili.

Kwa bata mwitu wana haki kiasi. Bata wanaopiga mluzi usiku hula mbegu, na shamba lililopandwa kwa kumwagwa wanaweza kulikondesha. Kwelea nao tunawajua. Lakini korongo mdomo-wazi hali mpunga. Mtazameni mdomo: kwa ndege mzima, sehemu ya juu na ya chini hazikutani katikati, kuna mwanya. Vifaranga hawana mwanya huo, huja na umri. Mdomo ule ni kifaa cha konokono wakubwa na kome wa majini. Humtoa konokono kutoka gambani bila hata kulivunja. Mkulima anayemuua korongo huyu amemuua kibarua asiyedai mshahara. (Kuna waliotuuliza kama anakula pia konokono wa kichocho. Wale ni wadogo sana, wa aina nyingine, kwa hivyo msimwachie yeye kazi hiyo.)

Na si wa kwetu peke yetu. Delta ya Tana ni moja ya mahali pachache Kenya ambapo korongo, kongoti na jamaa zao huzaa kwa makundi makubwa, mafuriko yakiwa mazuri. Mwezi ule ule wa Septemba 2012, huku watu wakizika maiti, delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye umuhimu kwa dunia nzima, hekta 163,600. Wengi hapa hawakusikia, na hatuwalaumu.

Sheria nayo ipo. Uwindaji wa wanyama ulikatazwa Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda hata kwa ajili ya chakula cha nyumbani, na pia kuuza nyama ya porini. Wazee walitukumbusha kwamba wao walikula bata wa kutegwa kwa kitanzi na hakuna aliyedhurika. Ni kweli. Kitanzi kilikamata mmoja, na jioni hiyo kikaliwa. Lakini hata hicho leo ni kosa, na ndege mia kwa usiku mmoja si kitanzi tena.

WALIPORUDI

Walirudi baada ya wiki mbili kama tulivyoagana. Tuliwakatalia ule mkopo, na tukawaeleza sababu zote hizi. Wawili walitoka kwa hasira. Yule wa kibarua alibaki, akakiri kwamba tayari alikuwa amemfunga korongo mmoja nyuma ya shamba la mjomba wake, ili ajaribu. Tulikwenda naye. Ndege alikuwa amesimama kwenye maji, kamba imemla mguu. Hakukuwa na dawa yoyote, tunashukuru. Alipofunguliwa hakuruka, alitembea tu akachechemea mpaka kwenye matete.

Tukawauliza waliobaki, mnachotaka ni ndege au ni pesa? Wakacheka. Basi tukawasimulia habari za mkulima wa Japani, Takao Furuno, ambaye tangu 1988 huwaingiza vifaranga wa bata wa kufuga katika shamba la mpunga. Mpunga ukishashika mizizi baada ya kupandikizwa, vifaranga huachiwa humo, 15 hadi 20 kwa robo eka. Wanakula magugu, wadudu na konokono, kinyesi chao kinakuwa mbolea, na kutikisa kwao maji kunasaidia mizizi. Mpunga ukianza kutoa masuke wanatolewa, maana hapo watakula punje. Mwisho wa msimu una mpunga na una bata wa kuuza, na bata wa kufuga hana kesi mahakamani.

Kwetu kuna shida ambazo Furuno hakuwa nazo. Kenge, kwanza. Mamba, pale shamba linapopakana na mto. Na bata wetu wa kawaida, yule mwenye uso mwekundu, huatamia siku 35, kwa hivyo lazima uhesabu vizuri ili vifaranga wawe tayari mpunga ukiwa tayari. Ukichelewa wiki mbili umepoteza msimu.

Mkopo tuliowapa ni wa majike manane, dume wawili na wavu wa kuku. Waya waliokuwa wametaka wa mitego umetumika kufungia uzio. Kenge amekwisha kula jike moja, akipita chini ya wavu, na sasa wamezika ukingo wake kiasi cha mkono mmoja ardhini. Majike watatu wanaatamia. Wale wawili waliotoka kwa hasira, mmoja amerudi. Ndiye anayelala bandani usiku. Wenye kutaka kuona wanaweza kufika shambani Jumamosi yoyote asubuhi, kabla jua halijawa kali, na waje bila mbwa.